Dami za mazoezi: ununue zilizotengenezwa au utengeneze mwenyewe?

Mtu yeyote anayemiliki silaha kihalali na anataka kufanya mazoezi bila kupiga risasi hai anafika hapa. Anataka kitu kinachoingia kwenye magazini, kinapanda chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa), kinatoka kama risasi ya kweli ila hakilipuki hata ukivuta triga siku nzima. Hiyo ndo dami, yaani risasi isiyo na baruti wala praima hai (kile kifuniko kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa na pini). Swali linalowakwamisha wengi ni kama wanunue za kiwandani au wachukue maganda yaliyokwisha kupigwa watengeneze zao, na wengi wanaamua kwa kuangalia bei tu. Mi naona bei ndo iwe ya mwisho kuangalia. Cha kwanza jiulize hivi: ukiikuta imedondoka sakafuni, taa hafifu, umechoka, utajua papo hapo kwamba hii ni dami na sio risasi hai? Kama jibu ni "mpaka niikague kidogo" basi hiyo dami ina kasoro, haijalishi umeipata wapi.

Na sisemi hivi kuogopesha watu. Tarehe 31 Machi 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa kwenye seti ya filamu huko Wilmington, North Carolina, na chanzo kilikuwa dami za kutengeneza. Walichukua risasi za kweli, wakatoa vichwa (kile kipande cha mbele kinachoruka), wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa, lakini praima zikabaki hai. Triga ikavutwa, praima ikapiga, nguvu yake ndogo ikatosha kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu kikakwama humo na hakuna aliyegundua. Baadaye bastola ileile ikawekwa risasi baridi, ile yenye baruti isiyo na kichwa, ikapigwa, na kile kichwa kilichokwama kikatoka kama risasi kamili. Halafu Oktoba 21, 2021, kwenye seti nyingine huko New Mexico, mpiga picha wa filamu hiyo Halyna Hutchins akauawa kwa risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bastola ambayo ilitakiwa kuwa na dami tupu, na wachunguzi walikuta risasi hai zimechanganyika na dami pale kazini. Kisa cha kwanza kinahusu jinsi dami inavyotengenezwa, cha pili kinahusu inavyotambulika na kutunzwa. Karibu kila nitakachosema hapa chini kinarudi kwenye hayo mawili.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kulinganisha tukubaliane tunapima nini.

Kutambulika: jicho na kidole vinaijua mara moja?

Kulinda pini: dami nyingine zina springi au mpira mahali pa praima, pini ya kufyatulia inapiga hapo inapunguziwa nguvu. Nyingine hazina kitu, ni umbo tu. Usifikiri kila dami inalinda pini, soma pakiti.

Uhalisia: vipimo na uzito. Chukua 9x19, ile saizi ya bastola inayoitwa 9mm, risasi nzima haitakiwi kuzidi urefu wa milimita 29.69, na ikiwa na kichwa cha gramu 8 yote kwa pamoja inakuwa kama gramu 12. Dami ikiwa nyepesi sana magazini inaisukuma tofauti na mkono unajifunza kitu ambacho si chenyewe.

Uimara: hasa ukingo wa kitako, pale ekstrakta inapong'ata kulivuta ganda. Dami nyingi zinafia hapo.

Gharama, kazi na sheria: hela, muda, vifaa, na kama kibali chako kinaruhusu.

Za kununua, za plastiki

Kutambulika: hapa ziko vizuri mno. Chungwa, njano, nyekundu inayopenya mwanga, hata mtoto anaona kwamba hiki sio kitu cha kawaida. Darasani mwalimu akitupa jicho kwenye meza anaona kila mtu ana nini mkononi.

Kulinda pini: inategemea. Zile zenye kitako cha shaba na praima ya uongo yenye springi zinafanya kazi vizuri kwa mtu anayefyatua kavu sana, yaani kuvuta triga bila risasi hai. Zile za plastiki tupu kuanzia kichwani mpaka kitakoni ni za kujifunzia kujaza na kutoa, ukizipiga sana pini inachimba shimo na baada ya hapo hakuna inachokinga.

Uhalisia: uzito ndo udhaifu wao. Ni nyepesi sana, na kwenye bastola za kujikoki zenyewe ukivuta slaidi kwa nguvu dami inaweza kuruka mbele ya ekstrakta au kuingia kimshazari, na mtu anadhani silaha yake ina tatizo kumbe ni wepesi wa dami. Kwenye rivolva na shotgani ya kukunja tatizo hili halipo kabisa kwa sababu unaziingiza kwa mkono.

Uimara: shika moja iliyotumika muda uitazame kwa karibu kwenye ukingo. Utaona ekstrakta imekula upande mmoja, kuna vinyuzi vya plastiki vimeinuka kama vumbi la msumeno, na ukipitisha ukucha unakwama. Ikifika hapo itupe. Ukingo ukikatika wakati dami iko chemba ekstrakta haina pa kushika, na itabidi uingize fimbo ya kusafishia kutokea mdomoni mwa mtutu uisukume irudi nyuma.

Gharama, kazi na sheria: ni rahisi kwa kila namna, kifaa hakuna, unafungua pakiti unaanza.

Anayefaa: anayeanza, anayefundisha watu wengi, mwenye rivolva, mtu mwenye familia nyumbani ambaye hataki kitu chochote kinachofanana na risasi kionekane mezani.

Za kununua, za aluminiamu au shaba

Hapa wengi wanazijua A-Zoom, za aluminiamu iliyochongwa kipande kimoja halafu ikapakwa rangi ngumu, na mahali pa praima pana kitu laini cha kupokea pini. Kuna na aina nyingine, ganda la shaba ya kweli lenye kichwa cha plastiki ya chungwa.

Kutambulika: vizuri lakini sio kama plastiki. Rangi inang'aa zikiwa mpya, ila zikizungushwa sana kwenye chemba inaanza kuchubuka na chuma cheupe kinaonekana, na chuma cheupe kwenye mwanga mbaya kinafanana na ganda la nikeli. Za ganda la shaba zinatambulika kwa kichwa tu, sasa zikiwa ndani ya magazini iliyofunikwa juu unaona ganda la kawaida. Sio vibaya, ila ujue.

Kulinda pini: hii ndo kazi yake hasa kwa za aluminiamu, zinavumilia kufyatuliwa mara nyingi sana. Kile kilaini cha nyuma nacho kinachoka taratibu, ukiona pini imekiacha na shimo la kudumu ambalo halirudi, muda wake umeisha kwa kazi hiyo hata kama mwili bado mzima. Bado itafaa kwa kujaza na kutoa.

Uhalisia: vipimo vinakuwa sahihi sana, zinapanda chemba bila ubishi. Uzito uko katikati, nzito kuliko plastiki, nyepesi kuliko risasi yenye kichwa cha lead. Kwa mazoezi ya kutatua silaha ikigoma, yaani gonga magazini, vuta slaidi, endelea, zinatosha kabisa.

Uimara: bora kuliko plastiki kwa mbali. Zinaweza kudondoka kwenye zege na kokoto ukazipangusa ukaendelea. Ila zipanguse kweli, mchanga ulioganda kwenye dami unaenda kuikwaruza chemba.

Gharama, kazi na sheria: ni ghali kuliko zote ukihesabu moja moja, na kwa saizi zisizo maarufu kuzipata ni shida. Kuna saizi za zamani za bunduki za kuwindia ambazo hutazikuta kabisa, na hapo mjadala wa kununua unafungwa wenyewe.

Anayefaa: anayefanya mazoezi kila siku kwa silaha moja au mbili za saizi za kawaida, anayetaka kununua mara moja akae muda mrefu.

Za kujitengenezea

Hapa nitakaa zaidi kwa sababu hapa ndo pana faida kubwa na ndo pana hatari.

Kwanza, zinatengenezwa kwa ganda lililokwisha kupigwa na kichwa kipya ambacho hakijawahi kuwa kwenye risasi. Sio kwa kuifungua risasi hai. Hili sitaki tubishane, rudi juu usome kisa cha 1993. Ukianza na risasi hai una praima hai mkononi, na usalama wote unategemea kukumbuka hatua moja. Ukianza na ganda lililopigwa hakuna cha kusahau.

Kazi yenyewe ni fupi. Praima iliyopigwa inatolewa, ganda linapitishwa kwenye dai (kifaa cha chuma cha kulibana) kurudishwa saizi (likipigwa linatanuka, bila hii halitaingia chemba vizuri wala halitabana kichwa), linatobolewa pande zote mbili kwa kekee, tobo la milimita 3 linatosha, vinyweleo vya shaba vinasuguliwa kwa msasa mpaka kidole hakikwami, halafu kichwa kinakalishwa kwa urefu sahihi na mdomo unabanwa. Toboa kabla ya kuweka kichwa, sio baada, ili uone ndani ni kutupu. Mwisho paka rangi kitako na mwili, rangi ya kelele, ila iwe nyembamba isibadili vipimo.

Kutambulika: hapa ndo mtihani wake wote. Kabla ya tobo na rangi umetengeneza kitu kinachofanana kabisa na risasi hai, ina shaba, ina kichwa, ina uzito. Kinachoifanya iwe dami ni tobo na shimo tupu la praima. Ishike juu mbele ya taa, mwanga ukipenya tobo hadi tobo unajua ndani hamna kitu, na usiku wa giza kidole kinalihisi tobo lile. Majeshi nayo yanafuata fikra hiyohiyo: dami ya 5.56 (saizi ya bunduki za kijeshi) ya Marekani inayoitwa M199 ina mifereji imekunjwa kwenye ganda na mahali pa praima ni pawazi. Rangi peke yake haitoshi, rangi inachubuka. Na kuna kosa moja naliona sana, watu wanaacha praima iliyopigwa ndani ya ganda kwa sababu wanaona uvivu kuitoa. Dami ya namna hiyo, yenye kichwa na alama ya pini nyuma, inafanana sawasawa na risasi iliyogoma kulipuka, na risasi iliyogoma ni kitu ambacho hakuna mtu anatakiwa kuzoea kukichukulia kawaida. Itoe.

Kulinda pini: ukiacha shimo wazi pini inapiga hewa, ni sawasawa na kufyatua chemba ikiwa tupu. Wengi wanajaza silikoni au kipande cha mpira kinachoingia kwa kubana, kisawazishwe na kitako. Inafanya kazi, ila silikoni inachimbika na inabidi kujaza tena, na haifikii springi iliyotengenezwa kiwandani. Kwa silaha nyingi za kisasa zenye praima ya katikati kufyatua kavu kwa kiasi hakuleti shida, soma kijitabu cha silaha yako, lakini kwa bunduki za zamani na shotgani za mitutu miwili mi nisingetegemea silikoni.

Uhalisia: hakuna inayozishinda. Baruti kwenye 9mm ni kama theluthi ya gramu tu, kwa hiyo dami yenye kichwa cha kweli ina karibu uzito uleule wa risasi, inapanda vilevile, inaruka vilevile ikitolewa. Fundi anayetaka kujua kama silaha aliyoitengeneza inalisha vizuri, au mtu anayejaza risasi zake mwenyewe, yaani anayeziunda kwa kuweka praima, baruti na kichwa kwenye ganda, anayetaka kupima urefu kabla hajatumia baruti, huyu anahitaji hii na sio ile ya plastiki. Kwa anayejaza risasi, dami moja ya kila aina ya kichwa anachotumia ni kipimo cha kudumu cha kuseti mashine.

Uimara: ganda la shaba linavumilia. Shida ni kichwa kurudi ndani. Kila ikipanda chemba pua inagonga, na kichwa kinasogea nyuma kidogo kidogo mpaka dami inakuwa fupi na haipiti tena. Dawa ni kijiti cha mbao kilichokatwa kwa kipimo kikakaa chini ya kichwa, au gundi ya epoksi, na kupima urefu kwa vernia (kifaa cha kupimia milimita) mara kwa mara. Tumia vichwa vilivyofunikwa shaba, lead wazi inapaka mikono na hutaki kuila.

Gharama, kazi na sheria: kama tayari una mashine ya kujaza risasi na maganda yamejaa ndoo, gharama ni karibu na bure. Kama huna, kununua mashine na dai kwa ajili ya dami chache ni hasara, na hapa ndo hesabu ya wengi inapovunjika. Halafu sheria: zipo nchi ambazo vichwa, maganda, au hata kujaza risasi nyumbani kunahitaji kibali chake, sio kile cha silaha. Uliza ofisi iliyokupa leseni kabla hujatoboa hata ganda moja. Na usisafiri nazo kwenye begi la mkononi, mashine ya uwanja wa ndege inaona umbo la risasi basi.

Anayefaa: anayejaza risasi zake, fundi, mwenye silaha ya saizi adimu, na mtu mwenye nidhamu ya kumaliza kila hatua bila njia ya mkato.

Za kuchapa kwa printa ya 3D

Kwa ufupi, zinafaa kuonyeshea darasani jinsi ya kujaza magazini. Ukingo wake unavunjika kwenye tabaka za uchapaji, kwa hiyo kwenye silaha inayokoki yenyewe usizitegemee.

.22 ni habari nyingine

Kwenye .22, ile saizi ndogo ya risasi, praima iko ndani ya ukingo mzunguko mzima, na pini inapiga ukingo. Chemba ikiwa tupu, kwenye silaha nyingi za saizi hii pini inaweza kugonga ukingo wa chemba yenyewe na kuutia kovu, kwa hiyo hapa kinga ni lazima kuliko kwingine. Kujitengenezea kwa njia niliyoeleza juu haiwezekani, hakuna praima ya kutoa. Dami nyingi za .22 za kununua ni za kujaribia kama silaha inalisha, sio za kupigwa siku nzima. Ndio maana wapigaji wengi wanatumia fisha za plastiki za ukutani, zile ndogo za njano za kushikia skrubu, zinaingia chemba zinapokea pini halafu zikichoka zinatupwa. Haziwezi kupanda kutoka kwenye magazini, lakini kwa kufyatua kavu zinafanya kazi, ilimradi ujaribu kwanza kama saizi inakaa na kutoka bila kung'ang'ania.

Zikishakuwa mkononi

Haijalishi umechagua ipi. Dami zina boksi lake, halikai na risasi hai, na hazigusani mfukoni hata kidogo. Wakati wa mazoezi ya kavu risasi hai zinatoka nje ya chumba, sio pembeni ya meza, nje. Ujue idadi ya dami zako, uzihesabu kabla na baada. Kagua moja moja kila mara, tobo au rangi, kitako, ukingo. Na bado mtutu unaelekea mahali salama kana kwamba ni risasi hai, kwa sababu mwili unajifunza kile unachorudia.

Sasa wewe uko wapi?

Umepata silaha juzi na unataka kuzoea triga na kujaza: chukua plastiki zenye springi, chache tu. Zikiisha ukingo utakuwa umeshajua unafanya mazoezi kiasi gani na kama inafaa kupanda kwenda aluminiamu.

Unafanya mazoezi ya kavu kila jioni kwa bastola moja: aluminiamu, na uweke chache pembeni kwa ajili ya kufyatua, nyingine kwa ajili ya kuvuta slaidi, zitadumu zaidi.

Unataka kujitibu kushtuka kabla ya mlio, yale mazoezi ambayo mwenzako anakuchanganyia dami na risasi hai kwenye magazini wewe hujui ipi iko wapi, halafu inapofika dami mtutu ukiinama wote mnaona: tumia za rangi kali, aluminiamu au ganda la shaba lenye kichwa cha chungwa. Za kujitengenezea zinafanana mno na risasi kwa kazi hii ya kuchanganya kwa makusudi, na zikiruka kwenye majani utaokota nini hujui. Wasimamizi wengi wa viwanja vya shabaha hawatazikubali, na wana haki.

Unajaza risasi zako mwenyewe: tengeneza, tena kwa kila kichwa kipya unachoanza kutumia. Nunua na pakiti moja ya rangi kwa ajili ya triga.

Una bunduki ya babu ya saizi ambayo haipo madukani: mpe fundi mwenye leseni akutengenezee mbili, zenye tobo, zenye mpira mahali pa praima. Bunduki za namna hiyo pini yake ikivunjika kupata nyingine ni kazi.

Unafundisha kundi: plastiki, rangi moja kwa wote, na mtu asiruhusiwe kuja na dami yake kutoka nyumbani hata kama ni nzuri, kwa sababu wewe hukuiona ikitengenezwa.